Stara ya Mtoto Mezani

Mtoto anaporudi kutoka shuleni, swali la kwanza analokutana nalo katika nyumba nyingi za Waswahili ni "Umekula?" Huulizwa Mombasa na Unguja, huulizwa Maskati, na huulizwa vivyo hivyo katika fleti za Birmingham na Minneapolis, kabla ya neno lolote kuhusu hesabu au kusoma. Mama hufungua mkoba, akatoa mkebe wa chakula alioufunga alfajiri, akakuta chapati mbili na nyama ya kukaanga zimekaa kama alivyoziweka. "Mbona hukula?" "Sikuwa na njaa." Jibu ni fupi, na mara nyingi si la kweli. Mtoto aliyeshinda shuleni tangu asubuhi bila ya kutia kitu kinywani ana njaa.

Chakula kilikuwapo, na wakati wa kula ulikuwapo. Kilichokosekana ni mahali: meza ambayo angeweza kufungua mkebe wake bila ya kutazamwa. Jambo hili huonekana dogo kwa watu wazima, kwa sababu watu wazima huchagua pa kulia. Mtoto hachagui. Hupangiwa saa, foleni, meza na jirani. Na katika mpango huo hujifunza, kabla hajajua kusoma vizuri, yeye ni nani mbele ya wenziwe. Kwa hiyo swali la mtoto anakula wapi, na pamoja na nani, linastahili kuulizwa kama swali la maadili, wala lisiachiwe wapishi na wahasibu peke yao. Jamii inapomlisha mtoto shuleni, inadaiwa nini zaidi ya chakula?

Mwezi Januari 2014, katika shule moja ya msingi ya Salt Lake City, jimbo la Utah nchini Marekani, watoto wapatao 40 walinyang'anywa chakula chao cha mchana kwa sababu akaunti zao za chakula hazikuwa na fedha za kutosha. Watoto hao walikuwa wamekwisha kupanga foleni na kupakuliwa. Kwa kuwa chakula kilichokwisha kuwekwa mikononi mwa mtoto mmoja hakikuweza kupewa mwingine, kilitupwa. Watoto wakapewa matunda na maziwa. Habari ilipoenea, wakuu wa elimu wa wilaya ile waliomba radhi.

Tukio hili lina thamani ya pekee kwa anayetafakari maadili, kwa sababu linaondoa kisingizio cha uhaba. Chakula kilichotupwa hakikumwokolea mtu senti hata moja. Kama lengo lingekuwa kulinda fedha za shule, njia nafuu ingekuwa kumwacha mtoto ale, kisha mzazi apelekewe hesabu. Adhabu ile, basi, haikuwa na kazi ya kiuchumi. Kazi yake ilikuwa kuonyesha. Mtoto aliwekwa hadharani ili mzazi asiyekuwapo aone haya. Katika shule nyingine za nchi hiyo mtoto aligongwa muhuri mkononi wa kumkumbusha mzazi alipe. Mwili wa mtoto ulifanywa barua ya kudai deni.

Wanafalsafa wa Magharibi wamelikaribia suala hili kwa njia mbalimbali. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, alieleza kwamba mahitaji ya lazima hayaishii kwenye vitu vinavyohifadhi uhai. Shati la kitani halihitajiki ili mtu aishi. Lakini katika Ulaya ya zama zake, kibarua mwenye kujiheshimu angeona haya kutokea mbele za watu bila ya shati hilo. Avishai Margalit naye, katika The Decent Society kilichotoka mwaka 1996, aliitofautisha jamii yenye haki na jamii yenye staha: ya pili ni ile ambayo taasisi zake haziwadhalilishi watu. Kutokana na wote wawili inafahamika kwamba ufukara una sehemu mbili: kukosa, na kuonekana kwamba umekosa. Kiswahili kinayo lugha ya kale ya sehemu hii ya pili, nayo iko katika neno stara.

Neno hilo, lenye asili ya Kiarabu, kwanza ni kifuniko au pazia. Kutoka hapo likapanda likawa neno la maadili. Nguo humsitiri mtu. Nyumba humsitiri. Jirani mwema humsitiri jirani aliyepungukiwa kwa kumpelekea unga baada ya magharibi, wakati njia haina watu. Kumsitiri mtu ni kumpa anachohitaji kwa namna isiyomwacha uchi mbele ya macho ya wengine. Ndiyo maana katika stara namna ya kutoa haitengani na kinachotolewa. Unga uleule, ukibebwa mchana juu ya kichwa huku mbebaji akitangaza unakokwenda, umekuwa kitu kingine.

Historia ya chakula cha shule nchini Uingereza inaweza kusomwa kama mvutano mrefu kuhusu stara, ingawa hakuna aliyelitumia neno hilo. Sheria ya mwaka 1906 iliziruhusu mamlaka za mitaa kuwalisha watoto ambao, kwa kukosa chakula, hawakuweza kufaidika na masomo. Taifa lilikuwa limeshtushwa na afya duni ya vijana waliojitokeza kuandikishwa jeshini wakati wa Vita vya Makaburu, na watu kama Margaret McMillan wa Bradford walikuwa wamepaza sauti kwa miaka juu ya watoto wanaolazimishwa kusoma wakiwa na njaa. Wapinzani walidai kwamba kumlisha mtoto ni kumpokonya baba wajibu wake. Ndani ya sheria hiyo mlikuwa na kifungu kidogo chenye maana kubwa: mzazi aliyeshindwa kulipia chakula hatapoteza kwa ajili hiyo haki yake ya kupiga kura. Siku hizo mtu aliyepokea msaada wa maskini aliweza kuondolewa katika daftari la wapiga kura. Kifungu kile kilisema, kwa lugha kavu ya kisheria, kwamba sahani ya mtoto isiwe hati ya fedheha ya baba.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1944 ikaufanya mlo wa mchana kuwa wajibu wa mamlaka za elimu. Watoto wengi wakakua wakila chakula kimoja kwa bei ya chini, na waliokuwa fukara wakala bure. Hata hivyo pazia lilikuwa na matundu: katika shule nyingi waliokula bure walipewa tikiti za rangi tofauti, au walisimama katika foleni yao. Kisha sheria ya mwaka 1980 ikaondoa wajibu ule wa jumla. Mamlaka zilibaki na lazima ya kuwalisha watoto wa familia zilizopokea misaada fulani ya serikali. Na waliokuja na chakula kutoka nyumbani walitakiwa kupewa mahali pa kulia, kwa kadiri mamlaka zilivyoona inafaa. Bwalo likazidi kugawanyika mafungu matatu: wanaonunua, wanaopewa, na wanaobeba mkebe. Kuanzia Septemba 2014 watoto wote wa miaka mitatu ya mwanzo katika shule za serikali za England wakaanza kula bure, na kuanzia Septemba 2023 meya wa London akagharimia mpango wa kuwalisha bure watoto wa shule zote za msingi za serikali jijini humo. Katika karne moja na ushei, nchi hiyo imekwenda na kurudi kati ya mawazo mawili: chakula kama sadaka kwa wachache, na chakula kama sehemu ya shule.

Marekani ilianza na maandishi yaliyoyazidi matendo. Sheria ya Kitaifa ya Chakula cha Mchana Shuleni, aliyoitia saini Rais Harry Truman mwaka 1946, ilikataza shule kumtenga au kumbagua mtoto kwa sababu ameshindwa kulipa. Waliotunga sheria hiyo walijua, basi, kwamba mahali pa kulia ni sehemu ya mlo. Lakini ujanja wa taasisi ni mwingi. Katika shule nyingi mwenye salio alipata chakula cha moto, na mwenye deni akapewa mkate baridi wenye jibini. Kwa hesabu ya kalori, wote walilishwa. Kwa hesabu ya kuta, hakuna aliyetengwa. Lakini kila mtoto aliyekuwamo bwaloni alijua maana ya mkate ule. Ilibidi jimbo la New Mexico, mwaka 2017, litunge sheria ya kukataza mtoto kugongwa muhuri, kufanyishwa kazi ili alipie chakula, au kutupiwa chakula alichokwisha kupakuliwa. Sheria inapolazimika kukataza jambo la namna hiyo, inakiri kwamba jambo hilo lilikuwa likitendeka.

Upo upinzani wa kweli katika suala hili, na hauwezi kufutwa kwa huruma peke yake. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Anayekula bila ya kuchuma anaishi kwa jasho la mwingine, na mzazi awezaye kulipa lakini halipi humtwika mzigo jirani yake mwaminifu. Ikiwa shule haidai, mwaminifu atajiona mjinga. Hoja hii ina nguvu kwa mtu mzima. Kwa mtoto inapoteza mguu wa kusimamia, kwa sababu mtoto wa miaka saba hajapewa jua la kuchumia. Jamii imemkataza kufanya kazi na kumlazimisha kwenda shule. Hakukopa, hakutia saini, hakuahidi. Hata sheria ya Kiislamu ya mirathi, ambayo hulichukulia deni kwa uzito mkubwa, hulipa deni la marehemu kutoka katika mali aliyoiacha, wala haimtwiki mwana deni la baba lililoizidi mali hiyo. Ikiwa mtoto habebeshwi deni la baba aliyekufa, vipi abebeshwe deni la baba aliye hai, tena mbele ya wenziwe, saa sita mchana?

Upinzani wa pili unatoka upande mwingine: kwa nini mtoto wa tajiri alishwe bure kwa kodi ya maskini? Jibu limekaa darasani. Hakuna shule ya serikali inayompa mtoto wa tajiri dawati kwa bei yake na mtoto wa maskini dawati la msaada lenye rangi yake. Dawati ni la shule, na tofauti za kipato hushughulikiwa mbali na macho ya watoto, katika kodi. Anayeona kwamba chakula ni tofauti na dawati anapaswa kueleza tofauti hiyo iko wapi, ikiwa mtoto hushinda shuleni mchana kutwa. Wala si kweli kwamba jambo hilo ni anasa ya mataifa yaliyokwisha kutajirika. Ufini ilitunga sheria ya kumlisha kila mwanafunzi bure mwaka 1943, ikiwa vitani, na ikaitekeleza kikamilifu kuanzia mwaka 1948, ikiwa ingali na majeraha ya vita hivyo.

Mswahili anayeishi ughaibuni akitafuta kipimo cha kuyapimia mabwalo haya, aghalabu hukumbuka sinia. Wali huwekwa katikati, kitoweo juu yake, na watu wanne au watano hulizunguka mkekani. Kila mmoja hula upande wake. Kupeleka mkono hadi mbele ya mwenzio ni utovu wa adabu. Mkubwa huchambua nyama akaisogeza kwa watoto. Hakuna anayehesabu matonge ya mwenziwe. Apitaye mlangoni huambiwa karibu, na akikaa haulizwi amekuja na nini. Methali isemayo ukila na kipofu usimguse mkono hutumiwa mara nyingi kwa mjanja asiyetaka ujanja wake ujulikane. Lakini inasomeka pia kwa upole zaidi, kwamba anayekula na mwenye upungufu asimkumbushe upungufu wake.

Hata hivyo itakuwa uongo kulifanya sinia la pwani kuwa pepo iliyopotea. Mji wa waungwana ulikuwa pia mji wa watumwa, na waliotwanga mchele hawakuwa wao waliokaa kuuzunguka. Wanawake walikula kando ya wanaume, na si kila mtoto aliyefika karibu na kitoweo. Sinia lilijua kuwasitiri walioketi. Juu ya wasioketi lilinyamaza. Kwa hiyo anayelitumia kama kipimo hana budi kulichukua pamoja na lawama yake: adabu yake ni njema, na mzunguko wake ulikuwa mdogo mno. Shule ya umma ina nafasi ambayo nyumba ya muungwana haikuwa nayo, kwa sababu kila mtoto wa mtaa ameshaitwa ndani.

Lakini wakiwa wote wameitwa, linazuka swali gumu zaidi: je, meza moja inadai chakula kimoja? Ufaransa imelijadili swali hili kwa ukali. Mwaka 2015 meya wa mji wa Chalon-sur-Saône aliamua kufuta mlo mbadala uliokuwa ukitolewa siku za nyama ya nguruwe. Kesi ilifika hadi mahakama kuu ya utawala ya nchi hiyo, Conseil d'État, ambayo mwezi Desemba 2020 iliamua kwamba manispaa hazilazimiki kutoa mlo mbadala, lakini pia kwamba msingi wa dola isiyofungamana na dini hauzikatazi kuutoa. Nyuma ya mjadala huo kuna wazo linalostahili kusikilizwa: kwamba watoto wanaokula chakula kimoja hujiona raia wa nchi moja, na kwamba kila sahani ya pekee ni ufa katika ukuta.

Sinia linatoa jibu ambalo huenda lisingetarajiwa. Katika nyumba ya Mswahili mgonjwa hupikiwa uji, mzee asiye na meno hupondewa wali, na asiyekula pweza hutengewa mchicha. Wote hukaa kwenye mkeka uleule. Hakuna aliyewahi kusema kwamba uji wa mgonjwa umevunja udugu. Udugu ulikaa mkekani, na chungu kilikuwa huru kuwa viwili. Wanaomlazimisha mtoto achague kati ya sahani ya wote na imani ya nyumbani kwao wamekosea mahali umoja ulipo. Wamelinda chungu, wakampoteza mlaji.

Shule nyingi za Uingereza zimeangukia kosa lililo kinyume cha hilo. Huruhusu vyakula tofauti, kisha hutenganisha meza: wenye trei huku, wenye mikebe kule. Sababu ni za kiutendaji, na si za uongo: foleni, usafi, mzio wa karanga, uhaba wa viti. Huenda hakuna mwalimu aliyekusudia ubaguzi. Lakini mahali ambapo jiko la shule halipiki nyama halali, watoto wa Kiislamu hujikuta kwenye meza ya mikebe. Na hata katika meza hiyo mikebe hutazamana. Mmoja hufungua mkate wenye jibini, mwingine hufungua wali na dagaa, na harufu ambayo nyumbani ni mwaliko inageuka shtaka. Mtoto hufunika mkebe. Hapo hakuna sheria iliyovunjwa wala afisa wa kulaumiwa. Kuna watoto wanane mezani, na hakuna mtu mzima aliyekaa nao.

Jambo hilo la mwisho halisemwi mara nyingi. Katika shule za msingi za Japani chakula cha mchana huliwa darasani. Watoto huvaa aproni na kofia, huleta vyombo, hupakuliana kwa zamu, na mwalimu hula pamoja nao chakula kilekile. Utaratibu huo una ukali wake: mtoto mwenye tumbo dogo ameweza kushurutishwa kumaliza sahani, na mwenye mzio amekuwa katika hatari kwa kutaka kufanana na wengine. Lakini ndani yake mna jambo linalofahamika mara moja kwa aliyelelewa mkekani, nalo ni kwamba kula ni somo na mkubwa ndiye kitabu chake. Mtoto hajifunzi kutocheka chakula cha mwenziwe kwa kuambiwa. Hujifunza anapomwona mtu anayemheshimu akikitazama chakula hicho bila ya mshangao, akauliza kinaitwaje. Pale ambapo walimu hula katika chumba chao na watoto huachwa na msimamizi mmoja anayepita kati ya meza akiwahimiza wafanye haraka, somo hilo halina mwalimu.

Wakati mwingine mwalimu wa somo hilo hutokea pasipotarajiwa. Philando Castile alikuwa msimamizi wa huduma ya chakula katika shule moja ya msingi ya St. Paul, jimbo la Minnesota. Waliofanya kazi naye walisimulia kwamba aliwajua watoto kwa majina, alijua ni chakula gani kinachomdhuru nani, na mtoto alipofika mbele yake bila ya fedha alilipa kutoka mfukoni mwake. Mwezi Julai 2016 aliuawa na polisi aliyelisimamisha gari lake barabarani. Baada ya kifo chake watu walichanga fedha kwa jina lake, zikalipa madeni ya chakula ya watoto wa shule. Mwaka 2023 jimbo hilo, ambalo ni makazi ya jamii kubwa za Wasomali na Wakenya, likapitisha sheria ya kuwapa wanafunzi chakula cha asubuhi na cha mchana bure.

Ni rahisi kumsifu Castile na kuishia hapo. Lakini mtu aliyelipa kimya kimya alifanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza alimsitiri mtoto kwa maana kamili ya neno: trei ilikwenda mezani, na hakuna aliyejua. Pili, bila ya kukusudia, aliifichia taasisi kasoro yake, kwa kuwa deni alilolilipa yeye halikuonekana tena. Wema wa mtu mmoja, unapohitajika kila siku katika mlango uleule, ni ushahidi dhidi ya mwenye mlango. Hapa ndipo tofauti kati ya maneno mawili ya Kiswahili inapohitajika sana: kusitiri na kuficha. Anayesitiri hufunika mtu. Anayeficha hufunika jambo. Tikiti ya rangi na mkate baridi humwanika mtoto, huku zikificha swali la nani anawajibika. Mlo wa wote humsitiri mtoto, huku gharama yake ikiandikwa waziwazi katika bajeti, ambako kila mwananchi anaweza kuisoma, kuipinga au kuitetea.

Kwa kipimo hicho chombo kilekile kinaweza kuwa kizuri au kibaya. Mwaka 2023 kaunti ya Nairobi, ikishirikiana na shirika la Food4Education lililoanzishwa na Wawira Njiru, ilianzisha mpango unaoitwa Dishi na County. Mzazi huchangia shilingi 5 kwa mlo kwa njia ya simu, na sehemu kubwa ya gharama hubebwa na wengine. Mtoto huvaa bangili yenye kifaa kidogo cha kielektroniki; huigusisha, hupakuliwa, huenda kula. Ishara ya mkono ni moja kwa wote. Akaunti ya Utah nayo ilikuwa teknolojia ya kisasa, na ndiyo iliyomfichua mtoto. Tofauti haiko katika mtambo. Iko katika jibu la swali ambalo mtambo uliwekwa kulijibu: nani amelipa, au nani hajala?

Swali hilo halijapata jibu moja katika Afrika Mashariki. Tanzania Bara, elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016 iliwaachia wazazi na jamii suala la chakula: mahindi, maharage na ujira wa mpishi hukubaliwa katika kikao cha wazazi. Penye umoja, utaratibu huu unafanana na sinia, kwani mchango wa kila nyumba hupotelea katika sufuria moja. Lakini pale ambapo makande hupakuliwa kwa kufuata orodha ya waliochangia, mtoto asiyemo katika orodha hutafuta pa kwenda wenziwe wanapokula: uwanjani, nyuma ya darasa, bombani. Akiulizwa, naye husema hana njaa.

Maneno yale ya mtoto wa Birmingham na ya mtoto wa nyuma ya darasa ni mamoja, na yanafunua jambo ambalo takwimu za milo haziwezi kulionyesha. Wakubwa wasipomsitiri mtoto, stara haipotei. Mtoto huibeba mwenyewe. Hujifunika kwa uongo mdogo, kwa kucheza mpira wakati wa chakula, kwa kuchelewa kwenye foleni mpaka wengi wametoka. Anatumia akili na ujasiri mwingi katika kazi ambayo haikuwa yake. Huenda baadaye akawa mtu mzima mwenye mafanikio, na bado akala akiwa ameuzungushia mkono sahani.

Kwa sababu hiyo wajibu wa shule hautimii kwa kuhesabu sahani zilizopakuliwa. Unatimia pale mtoto anapoweza kuketi popote bwaloni, na chochote kilichomo katika sahani au mkebe wake, bila ya kuwa na siri ya kulinda. Hayo yanadai fedha, na fedha ni jambo la wabunge na walipa kodi. Yanadai pia meza zipangwe upya, na mtu mzima akae na kula, mambo ambayo hayagharimu sana na ambayo mzazi yeyote anaweza kuyauliza katika mkutano wa shule ya mwanawe.

Na nyumbani, jioni, swali la kale linaweza kuongezewa neno. Mzazi anayeuliza "Umekula?" atajibiwa ndiyo au hapana, na pengine uongo. Anayeuliza "Umekula na nani?" atangoja kidogo zaidi kabla ya kupata jibu, na katika kungoja huko ataanza kujua mwanawe anakaa wapi.